Maji Yaliporudi Saa Tisa Usiku

Saa tisa na robo usiku. Niliamka kwenda chooni, nikateremsha miguu, nikapapasa ndala pale zinapokaa siku zote, kidole kikagusa maji.

Ya baridi, na yanatembea.

Ndala moja niliikuta mlangoni inaelea. Ya pili sikuiona mpaka asubuhi, chini ya kochi. Nikaifuata sauti hadi jikoni na huko nikakuta sinki limejaa pomoni, linamwaga pande zote kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa motoni, na juu yake koki inatoa maji kwa nguvu ambayo hapa kwetu Kimara sijawahi kuiona mchana hata siku moja.

Maji yalikuwa yamekatika tangu Jumapili. Sasa tulikuwa tunaingia Jumatano, na yalikuwa yamerudi.

Nikashika koki, nikaifunga. Haikufunga. Nikaikaza kama nilivyokuwa nikiikaza miezi yote ile ilipokuwa inadondosha, na safari hii kitu ndani yake kikalia "tk", kikaachia, kichwa cha koki kikawa kinazunguka bure mkononi mwangu. Maji yakaendelea vilevile.

Nikatoka nje na khanga, miguu mitupu, kwenda kwenye valvu kuu, ile iliyoko ukutani nyuma ya nyumba. Nimeishi kwenye nyumba hii miaka tisa. Valvu naijua iliko. Nimeipaka rangi mwenyewe mara mbili, pamoja na ukuta.

Haikusogea hata unywele.

Kilichobaki ilikuwa kupiga hodi kwa jirani saa hizo, jambo ambalo kwa kawaida ni la msiba au wezi. Mzee alitoka na msuli, tochi ya simu mkono mmoja na spana mkono wa pili, utadhani alilala amevishika. Valvu yangu hakuitazama hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mita, akafukua mchanga kwa kiganja, akaifunga ile koki ndogo inayokuja kabla ya mita.

Kimya.

"Shikamoo, baba," nikasema, maana ndipo nilipokumbuka kuwa sijamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nenda kapige deki."

"Samahani, shangazi"

Hasara sitaiorodhesha yote. Mchele wa kilo 25 uliokuwa chini, kapeti, na makabati ya jikoni ya zile mbao za kushindilia, ambayo kufika mchana yalikuwa yamevimba kama maandazi. Mbao hizo zikishanywa maji hazirudi, hata uzianike wiki nzima.

Nyumba yetu ni ya watu wawili: mimi, na binti wa kaka yangu anayesoma chuo hapa mjini. Aliamka kwa kelele zangu, hakuuliza kitu, akachukua brashi akaanza kuyasukuma maji kuelekea mlango wa nyuma. Tulifanya kazi bila kuongea mpaka adhana ya alfajiri.

Maji yalipopungua, hasira ikapata nafasi.

Sikumuuliza kama ni yeye aliyeacha koki wazi. Nilimwambia kuwa ni yeye. Nikamwambia kuwa mtu mzima anajua bomba likikauka linafungwa, kwamba hapa si hosteli, na nikaenda mbali zaidi nikagusa malezi, neno ambalo mtu ukilisema kwa mtoto wa kaka yako unakuwa umemsema na kaka yako na wifi yako. Alisimama na brashi mkononi, maji yakimtiririka kwenye gauni la kulalia.

"Samahani, shangazi," akasema.

Nililichukua kama kukiri kosa. Nikaenda kazini nikiwa nimeumizwa lakini mwenye haki.

Kikombe chini ya sinki

Fundi alikuja jioni. Ni kijana mwenye maneno machache, na begi lake lina harufu ya gundi ya mabomba. Cha kwanza hakugusa koki. Alifungua kabati la chini ya sinki, akaweka ndoo, akakizungusha kwa mkono kile kikombe cha plastiki kilichoning'inia pale, kikatoka.

Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama samli iliyoganda. Kimeshika punje za wali, kijiti cha kiberiti, na kona ya pakiti ya maziwa, ile tunayoikata kwa mkasi na kuisahau.

"Mama, hili sinki lilikuwa linashusha maji?"

Hapo ndipo swali la pili lilipozaliwa, ingawa mimi nilikuwa bado sijalisikia vizuri. Koki kuwa wazi ni jambo moja. Lakini kazi ya sinki ni kupokea maji na kuyapeleka. Kama lingekuwa linakunywa sawasawa, koki ingetoa maji usiku kucha na hasara yangu ingekuwa bili tu, siyo mafuriko.

Na binti alikuwa ameniambia. Wiki mbili kabla. "Shangazi, sinki linashusha taratibu." Nilimjibu kwa kuchemsha birika na kumimina.

Fundi alicheka nilipomweleza dawa yangu. Mafuta, alisema, ukiyamwagia maji yanayochemka hayaondoki, yanahama. Yanayeyuka hapa, yanakwenda kuganda mbele kule ambako bomba limeshapoa na mkono haufiki. Tena mabomba haya ya plastiki ya maji machafu hayakuumbwa kwa maji yanayotokota. Ukipita nyuzi joto 60 hivi yanaanza kulegea, na maungio yanafuata. Maji ya moto kiasi, yale ya kuogea mtoto, na sabuni, yanatosha kwa wiki. Mafuta ya kaango yasisogelee hata hilo sinki: yafutwe kwa gazeti, au yaachwe yapoe yamiminwe kwenye kopo, yatupwe na taka.

Nikamuuliza kuhusu kostiki soda. Akapandisha mkono wa shati akanionyesha kovu linalotoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko. Mteja mmoja alimwaga kostiki, haikuzibua, akaita fundi, hakusema. Kikombe kilipofunguliwa ile dawa ilikuwa bado imekaa humo inasubiri.

Kazi ya kikombe chenyewe, kwa wale ambao kama mimi walidhani ni pambo, ni kubakiza maji kidogo ili harufu na mende wa chemba wasipande juu. Kwa kuwa kinabakiza maji, kinabakiza na kila kizito. Kinafunguliwa kwa mkono, hakihitaji fundi. Ndoo kwanza, mkono baadaye. Ukisahau ndoo utajifunza siku hiyo hiyo.

Nguvu isiyotakiwa

Kisha akaja kwenye koki. Aliichomoa akanipa washa yake nishike: kipande cha mpira kidogo kuliko sarafu, katikati kimechimbwa mfereji kama pete. Mfereji ule niliuchimba mimi. Koki za zamani za kuzungusha zinafunga kwa kuukandamiza mpira huo juu ya shaba. Mpira ukichoka, maji yanadondosha. Na sisi tukiona tone, tunakaza. Kesho tunakaza zaidi. Mpira unakatika, na nyuzi za ile skrubu ya ndani zinalika, mpaka siku unayoihitaji koki kuliko siku zote inazunguka bure.

Washa mpya bei yake haifiki nauli ya bodaboda hadi kituoni.

Kuna koki ya nje ya kufulia nayo ilikuwa inadondosha, tone kwa sekunde, siyo kitu cha kumtoa mtu usingizini. Siku mbili baadaye, kwa hasira za kisayansi, niliiwekea ndoo ya lita 20. Ilijaa kabla siku haijaisha. Piga hesabu ya mwezi: lita 600, zaidi ya nusu yuniti, maana yuniti moja kwenye bili ni lita 1,000. Miezi mingapi nimelalamikia wasoma mita!

Ile valvu kuu aliiachia mwisho. Aliipaka mafuta, akasubiri, akaijaribu mbele na nyuma taratibu kama anayemwamsha mgonjwa, kisha akaacha. "Nikilazimisha itakatikia ndani. Hii iliwekwa na aliyejenga, na tangu siku hiyo hakuna aliyeishika." Kutu, chokaa ya maji, na rangi yangu ya ukutani, vyote vimeifunga ikiwa wazi. Akaweka ya mkono, ile unayoigeuza robo mzunguko tu, na akanipa sharti moja: kila mwezi nenda kaifunge na kuifungua. Hata kama hakuna shida. Hasa kama hakuna shida. Na kwa wenye zile za gurudumu ambazo bado zinageuka, ukishaifungua mpaka mwisho irudishe kidogo nyuma, usiiache imekazwa upande wa kufungua.

Wiki ile methali ya ufa na ukuta niliambiwa na watu watatu tofauti. Ahsanteni.

Tunajua kiu

Siku zilipita, nikawa sielewi kwa nini jambo hili haliniishi. Nyumba imekauka, fundi amelipwa. Lakini kila nikipita jikoni, kitu kinanivuta.

Mwanzoni nilidhani ni suala la mji wenyewe. Sisi wa Dar ukosefu wa maji tunaumudu kama ugonjwa wa ukoo. Maji yetu mengi yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu ukipungua kama ule ukame wa mwishoni mwa 2022 uliotuletea mgao, kila mtu anajua zamu yake, ana madumu yake, ana mwenye kisima chake wa kumpigia hata kama kisima kina chumvi. Watoto wetu wanajua kuoga kwa lita tano. Tukijenga, mtu anaulizwa: tangi la lita ngapi?

Hakuna anayeuliza: yakirudi, nyumba yako itayapokeaje?

Kwa sababu maji yanayorudi siyo yale yaliyoondoka. Yanakuja usiku, wakati wengi wamelala na koki nyingi zimefungwa, kwa hiyo presha ni kubwa. Yanasukuma hewa mbele, bomba linakoroma na kutema. Yanabeba kutu na mchanga uliobanduka mabomba yalipokuwa makavu, na ukifungulia bafuni kwanza, mchanga huo unaenda kukaa kwenye vitundu vya bomba la mvua. (Sasa naanza na koki ya nje mpaka yang'ae. Vitundu vilivyokwisha kuziba kwa chumvi nilivilaza kwenye siki usiku mmoja, vikafunguka.) Yanapanda tangini, na kama boya limechoka, tangi linamwaga mpaka asubuhi kwenye ukuta wa jirani, ndiyo maana majirani wengi wa mji huu hawaongei.

Hata yanapoondoka yana mambo. Bomba la mtaa likikosa presha linaweza kunyonya kurudi nyuma, na ule mpira mrefu wa kukingia maji ulioachwa umezama kwenye ndoo ya maji ya kudekia unageuka kuwa mrija. Mimi wangu nilikuwa nauacha hivyo kila siku.

Nikaandika haya yote kwenye daftari, nikaona nimepata makala. Nilikuwa nimejipa somo zuri kuhusu miundombinu, na halikugusa hata kidogo kilichokuwa kinanivuta pale jikoni.

Kilichokuwa kinanivuta ni ile "samahani, shangazi".

Alivyoisema. Haikuwa na pumzi ya mtu aliyekosa. Ilikuwa na pumzi ya mtu anayefunga mlango ili upepo usiingie.

Mkono umeinuka

Wiki ya tano maji yalikatika tena. Siku hiyo nilirudi saa nne usiku, nimechoka, mikono ina vumbi la daladala. Nikaingia jikoni nikanawe. Koki ikatoa pumzi, "hsss", na matone mawili. Nikaguna, nikachukua kidumu, nikajimiminia, nikafuta mikono. Nikageuka kwenda kulala.

Sijui kwa nini nilitazama nyuma.

Koki mpya aliyoniwekea fundi nayo ni ya mkono, ikifungwa mkono unalala, ikifunguliwa unasimama. Na ulikuwa umesimama. Peke yake pale juu ya sinki, kama mwanafunzi anayeomba kujibu.

Nilikuwa nimeifungua mimi, dakika mbili zilizopita, na sikumbuki.

Koki ya zamani isingeniambia. Ile ya kuzungusha haina uso. Ikiwa wazi na ikiwa imefungwa inafanana, na maji yasipokuwepo hakuna shahidi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikaurudisha ule usiku wa Jumanne. Nilitoka msibani Mbezi. Nilifika karibu saa tano. Nilitaka kunawa. Taa ya chumba cha binti ilikuwa imezimwa zamani, kwa sababu kesho yake alikuwa na mtihani, na usiku wa kuamkia mtihani ana kawaida ya kulala mapema.

Ushahidi wa mahakamani sina. Mkono wangu ndio ulionishitaki.

Sasa hesabu ikageuka yote. Koki iliachwa wazi na mimi. Ikashindwa kufungwa kwa sababu niliikaza mimi. Sinki halikunywa kwa sababu niliambiwa nikachemsha birika. Valvu haikugeuka kwa sababu kwa miaka tisa niliipa rangi tu. Katika nyumba ile nzima mtu pekee aliyewahi kufanya jambo la kuzuia mafuriko ni yule aliyeniambia sinki linashusha taratibu, na ndiye niliyemgusa malezi yake kabla ya jua kuchomoza.

Ningependa kusema nilikwenda kumwamsha palepale. Sikwenda. Kesho yake nilinunua chipsi kuku, nikarudi nazo bila sababu. Kesho kutwa nikamwongezea vocha. Mliolelewa uswahilini mnaijua hiyo lugha: mkubwa akikosa analeta chakula, na mdogo anatakiwa kutafsiri. Binti alikula kuku wake, akashukuru, hakutafsiri.

Jumapili ya kwanza ya mwezi

Tangu siku ya fundi nimekuwa na kawaida. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya chai, nafunga valvu kuu na kuifungua. Nachungulia boya la tangi. Nafungua kikombe cha sinki, nakiosha kwa mswaki wa zamani. Tukiwa tunatoka wote kwa saa mbili tatu, nafunga kila koki na kupiga picha mita, tukirudi naitazama. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Kabla ya masika naenda nje kufunua chemba, kwa sababu chemba iliyoziba ikikutana na mvua ya Aprili inarudi kupitia tundu la bafuni, na kwa sababu sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo mtaani.

Jumapili hii binti alikuja kushika ndoo bila kuitwa. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya sinki, kichwa ndani ya kabati, na pengine ndiyo maana niliweza: sikuwa namwona usoni.

"Ile koki," nikasema. "Usiku ule. Ni mimi niliyeiacha wazi. Nisamehe."

Ndoo haikutikisika.

"Nilijua, shangazi."

Nikatoa kichwa kabatini. "Ulijua?"

"Nililala saa mbili na nusu. Jikoni sikuingia tena."

"Sasa mbona uliomba samahani?"

Akafikiri kidogo. "Maji yalikuwa bado sakafuni," akasema. "Tungeanza kubishana nani angedeki?"

Sikuwa na jibu, sina mpaka leo. Nilirudisha kikombe, nikakikaza kwa mkono, siyo kwa nguvu. Tukafungulia maji kuangalia kama panavuja. Sinki likameza yote kwa sauti ile nzuri ya koo lisilo na kitu.

Ilibaki choo. Fundi aliniambia kuwa mpira wa chini ya tangi la choo ukichoka unavuja bila sauti, maji yanateleza ndani ya bakuli usiku na mchana, na njia ya kumkamata mwizi huyo ni kutia rangi kwenye tangi kisha mtu asiflashi kwa nusu saa. Nilikuwa sijawahi kujaribu. Binti akaenda kwenye kabati la viungo akarudi na rangi ya chakula, ile nyekundu tunayotia kwenye keki, akainua mfuniko wa tangi, akamimina kijiko.

Tukakaa barazani tukanywa chai ya pili. Tuliongea mambo ya chuo chake, mambo ambayo kwa wiki tano nilikuwa simuulizi na yeye hakuwa ananiambia. Nusu saa ikapita, ikazidi.

Tulipokwenda kuangalia, maji ya bakuli yalikuwa mekundu kama ubuyu wa Zanzibar.

Akanitazama.

"Hilo," akasema, "siyo mimi."